Jirani wa damu na jirani wa mbali

MTU akitaja mpaka unaotenganisha watu wa sehemu moja, haraka tunakumbuka Berlin, iliyogawanywa kwa ukuta toka mwaka 1961 hadi 1989. Au tunakumbuka Quds, ambako Wapalestina wengi wa Ukingo wa Magharibi hawawezi kwenda kuswali Msikiti wa Al-Aqsa bila kibali cha Israel. Lakini mpaka si lazima uwe ukuta. Mkoani Tanga ulikuwapo mmoja, nami niliuvuka mara mbili kwa siku moja bila kuulizwa na mtu.

Nilitoka Korogwe asubuhi kwenda Chogo, wilayani Handeni, na kabla ya Maghrib nilikuwa nimerudi. Chogo ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia wenye asili ya Kibantu. Wengi wao mababu zao ni Wazigua waliouzwa utumwani karne ya 19, wakaishia kandokando ya Mto Juba. Vita vya mwaka 1991 viliwakimbiza wajukuu, na baadhi wakafika Handeni wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Mzee mmoja aliniambia kwamba wao hawakuhamia, wamerudi.

Hata hivyo, siku hizo wengi wao walikuwa bado wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka nje ya eneo alilopangiwa bila kibali. Mimi, nisiye Mzigua, nilipita nitakavyo katika nchi ya mababu wa yule mzee. Yeye ilimbidi aombe ruhusa.

Alhamdulillah, kufikia mwaka 2009 zaidi ya elfu moja kati yao walikuwa wamepewa uraia. Tuliwasifu Wazigua wa Handeni kwa ukarimu, na walistahili sifa. Lakini najiuliza: je, tungewapokea vile vile kama wasingejua Kizigua na wasingekuwa Waislamu?

Qur'an katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, inatuamrisha wema kwa jirani aliye jamaa na kwa jirani asiye jamaa. Makundi mawili, amri moja. Na Answari wa Madina, wanaosifiwa katika Suratul-Hashr, hawakuwadai Muhajirina wa Makka nasaba kwanza ndipo wawagawie chakula. Anayempokea ndugu yake tu, huenda anajipokea mwenyewe.

Tena tukumbuke kwamba miongoni mwa waliowauza na kuwanunua Wazigua wale walikuwamo watu wenye kutamka Shahada. Kwa hiyo dini moja peke yake haikumlinda mtu wala haikumzuia mwenye tamaa. Kinachomlinda mtu ni haki.

Mtihani wenyewe sasa uko Handeni hiyo hiyo. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikihamishia kijiji cha Msomera familia za Kimasai kutoka Ngorongoro. Wengi si Waislamu, hawazungumzi Kizigua, wana ng'ombe, na wamekuta wenyeji wenye mashamba. Hapa wema haubebwi na damu. Mwenyeji asidhulumiwe ardhi yake kwa jina la mgeni, wala mgeni asichukiwe kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye.

Ndugu zangu, Chogo ilitupima kwa jirani wa damu, tukafaulu. Msomera inatupima kwa yule mwingine.

Wabillahi tawfiq.