Israfu ya Taa

Ama baad. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, amekataza israfu. Umeme wa LUKU hulipiwa kabla ya kutumiwa. Basi taa iwakayo katika chumba kisicho na mtu hula mali iliyokwisha toka mfukoni. Mwenye nyumba wa Muheza aachaye taa ya barazani ikiwaka hata jua likachomoza, na pasi akaiwasha kwa kanzu moja, kisha akamwambia mkewe hapana fedha ya unga, huyo hakunyimwa riziki, ameipoteza mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe watu walalapo, kwa kuchelea moto, tena alikataza kupoteza mali. Azimaye taa kabla ya kulala amezishika zote mbili, na kilichosalia ni haki ya watoto wake. Wallahu aalam.