Nyumba Yako Unaipamba kwa Ajili ya Nani?

Somo: 2 Wafalme 4:8-37

Vijana wengi kati yetu wanahamia nyumba zao za kwanza. Wengine wamepata kazi wakatoka kwa wazazi, wengine wamefunga ndoa juzi tu. Chumba ni kitupu, ukiongea sauti inakurudia. Swali la kwanza huwa ni, "Tuanze kununua nini?" Leo nataka tuulize swali linalotangulia hilo: nyumba hii tunaipamba kwa ajili ya nani?

Kuna wanaosema Mkristo asijali mambo ya viti na mapazia, ati ni anasa. Mimi sikubaliani nao. Soma Kutoka 31. Mungu alipotaka hema lake litengenezwe, alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Mapazia ya hema hilo yalikuwa ya rangi, tena yamefumwa kwa ustadi. Kwa hivyo dada anayezunguka Gikomba akitafuta pazia linalopatana na zulia lake hajakosea. Mungu mwenyewe anapenda vitu vizuri.

Shida huanza pale aibu inapokuwa ndiyo mnunuzi. Unawaza mama mkwe akija atasema nini. Unawaza wenzako wa kazini, na picha za nyumba za watu unazoziona kwa simu. Basi runinga ya inchi 55 inaingia ukutani kabla hamjapata godoro la maana la kulalia. Hapo nyumba si yako tena. Ni ya macho ya watu.

Na aibu haijui hesabu. Hebu tupige mfano. Tuseme friji ni shilingi 40,000 ukilipa taslimu. Ukiichukua kwa lipa mdogo mdogo, unatoa 8,000 kwanza, halafu 4,000 kila mwezi kwa miezi 12. Inaonekana rahisi, si ndiyo? Lakini jumla ni 56,000. Umelipa 16,000 zaidi kwa sababu hukutaka kungoja. Kwa pesa hizo mngepata jiko la gesi na blanketi, na bado mbaki na kitu mkononi. Tena vitu vya nyumba havipandi bei kama shamba. Friji ikishatoka dukani thamani inashuka, lakini deni linabaki pale pale.

Sisemi kila mkopo ni dhambi. Friji ya mama anayeuza maziwa inaweza kujilipa. Lakini kochi halijilipi hata siku moja. Mithali 22:7 inatuonya kwamba mkopaji huingia utumwani, na utumwa huo unaonekana kwa ndoa changa. Mwisho wa mwezi ukifika, wawili waliokuwa wakiombea nyumba pamoja wanaanza kuulizana nani alitaka hii sofa.

Pengine utasema, "Lakini pasta, tutakaribisha watu wakae wapi?" Ni swali zuri, na mwanamke wa Shunemu analijibu. Biblia inasema alikuwa mtu mkubwa, yaani mwenye mali. Angeweza kujaza chumba kile mapambo. Lakini alipoona Elisha anapita pale mara kwa mara, alizungumza na mumewe, wakatengeneza chumba kidogo na kuweka vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa. Alijiuliza mgeni huyu atahitaji nini. Hakujiuliza mgeni atamwonaje.

Linganisha na sisi. Kuna nyumba zenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa. Kuna wengine wanakataa ushirika wa nyumbani mwaka mzima, wakisema wangoje wanunue viti kwanza. Mmoja ana viti na mwingine hana, lakini wote wawili wamefunga mlango. Ndugu, watu wanane wanaweza kuketi juu ya mkeka, wakanywa chai ya maziwa, wakaomba, na Mungu akawa hapo.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kwenda dukani, ketini nyinyi wawili mwandike, kama vile mama yule alivyoongea na mumewe. Kama uko peke yako, mhusishe mzazi au rafiki atakayekuambia ukweli. Anzeni na usingizi, chakula na mahali pa mgeni kuketi. Hivyo vingine vije polepole, kwa pesa mliyo nayo. Na mkienda kwa mafundi wa mbao pale Ngong Road, jadilianeni bei kwa haki, na kazi ikiisha mmalizie salio lake. Yakobo 5:4 inasema kilio cha mfanyakazi aliyenyimwa ujira kinafika kwa Mungu. Meza nzuri iliyo na jasho la mtu ambalo halijalipwa si baraka.

Jambo la mwisho. Miaka ilipita, mtoto wa yule mwanamke akafariki magotini pake. Alimpeleka wapi? Alimlaza juu ya kile kitanda cha mgeni, akatoka kwenda kumtafuta mtu wa Mungu. Na ni juu ya kitanda hicho mtoto alirudishiwa uhai. Sisemi ukinunua kitanda utapata muujiza, Mungu hafanyi biashara hivyo. Ninasema hivi: siku ya msiba itakuja katika kila nyumba, na siku hiyo upana wa runinga hautakusaidia. Utahitaji watu wanaoujua mlango wako kwa sababu uliwafungulia.

Tuombe: Bwana, tuokoe na aibu inayotukopesha. Tupe nyumba zenye amani, na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Kwa jina la Yesu, amina.