Je, Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wahenga wametuachia mithali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Huku kwetu Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, mithali hii yamfaa mvivu, ambaye kila asubuhi huona ila katika jembe lake ili asiende shambani. Onyo hilo ni la haki. Lakini yafaa tuulize: je, kila mtu achaguaye chombo ni mvivu?

Tutazame kwanza mpini wenyewe. Ukiwa mfupi mno, mtu mrefu hupinda mgongo kupita kiasi, na kabla ya adhuhuri amechoka, wala si kwa uvivu. Hali kadhalika kafi la mtumbwi huko Ukerewe: likizidi urefu, mtoto hawezi kulitawala majini. Watu hawa hawakujichagulia kimo chao.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika kazi ya mafundi watengenezao fimbo za gofu, yaani ule mchezo wa Uskoti wa kupiga kimpira kwa fimbo hata kiingie shimoni. Mchezo huo si mgeni katika ziwa letu, maana klabu ya Entebbe, ng'ambo ya kaskazini, ilianzishwa mwaka 1901. Zamani mipini ya fimbo hizo ilichongwa kwa mti wa Marekani uitwao hikori. Na kwa kuwa miti miwili haifanani, fundi aliichagua mmoja mmoja. Mwaka 1929 wakuu wa mchezo huko Uskoti waliruhusu mipini ya chuma, na viwanda vikatoa fimbo nyingi za kipimo kimoja. Hata hivyo kazi ya kupima haikufa. Fundi humsimamisha mtu, akapima toka kifundo cha mkono hata chini. Hutazama unene wa mshikio kwa kadiri ya viganja, na mwinamo wa kichwa cha fimbo. Kichwa kisipolala sawasawa, ncha yake ikiinuka, mpira wa mtu atumiaye mkono wa kuume huelekea kushoto, ijapokuwa amepiga vema. Mtu huyo akiambiwa tu, "Jitahidi," ameonewa.

Lakini upande wa pili pana hatari. Fundi aweza kuigeuza fimbo ili ifiche kosa la mtu asiyetaka kujizoeza, naye akadhani amekuwa stadi. Tena wako wanunuao badala ya kujifunza. Wachezaji wengine walibeba fimbo zaidi ya 20, hata mwaka 1938 wakuu wa mchezo huko Marekani wakaamuru zisizidi 14, na mwaka uliofuata wenzao wa Uskoti wakaamuru vivyo hivyo.

Basi mpaka u wapi? Twaona ya kuwa lile alilozaliwa nalo mtu, chombo na kilifuate. Bali lile alilolizoea kwa uvivu, mtu mwenyewe na aliache. Kimo hakisikii maonyo, lakini mazoea husikia. Fundi asiyepima ni mkatili, na fundi afichaye kosa ni mwongo.

Neno hili latupasa sisi walimu, na wazazi pia. Mtoto ambaye macho yake hayaufikii ubao, tukimchapa kama mvivu, tumemdhulumu. Na asogezwe mbele. Lakini mtoto aonaye vema asiyetaka kusoma, tukimpunguzia hesabu ili apate alama, tumemdanganya, naye atayajua hayo siku atakapopunjwa sokoni. Kumpa kila mtu kipimo kimoja ni rahisi, nako kwafanana na haki. Haki yenyewe ina kazi zaidi, kwa maana yataka kwanza tumtazame mtu, ndipo tumhukumu.

Kwa hiyo mithali ya wahenga tusiitupe. Ila kabla ya kumtupia mtu, na tumwulize kama mpini wake wamfaa. Ikiwa haumfai, tumsaidie kuuchonga mwingine. Ikiwa wamfaa, hana udhuru tena. Na aende shambani.