Kutoa Kabla ya Kunyang'anywa

Mtu akiyaacha madaraka ambayo hakuna aliyemnyang'anya, je, ana hekima au ni mpumbavu?

Magharibi ya India palikuwa na dola ndogo iliyoitwa Aundh, yenye vijiji 72 tu. Waingereza walikuwa juu yake, lakini ndani ya mipaka yake neno la raja lilikuwa sheria. Raja huyo, Bhawanrao Pant Pratinidhi, alikuwa na umri wa miaka 70 mwaka 1939 alipowakabidhi raia zake mamlaka yake, kwa shauri la Mahatma Gandhi. Mabaraza ya vijiji yakaanza kuendesha mambo yao wenyewe. Mwaka huo huo likaanzishwa gereza lisilo na kuta, wafungwa wakilima na kukaa pamoja na jamaa zao.

Wako wasemao, "Hakutoa kitu, maana mwaka 1948 dola yote iliunganishwa na India." Sisi twaona sivyo. Kilichoondoka 1948 ni kiti. Alichotoa 1939 ni imani yake kwa watu.

Na sisi je? Bwana wetu aliwatawadha wanafunzi wake miguu, naye angali Bwana. Lakini sisi wazee tunashika funguo za kanisa na daftari la sadaka miaka nenda miaka rudi, tukisema vijana hawajawa tayari. Watakuwaje tayari, nasi hatujawapa kushika? Tuzitoe funguo hizo wenyewe, mauti yasije yakazitoa mikononi mwetu.