Kati ya Sita na Saba



Bendera iko mita 145 mbele yako. Namba saba yako, ukiipiga vizuri, hufika 140. Namba sita hufika 150. Fimbo ya 145 haimo mkobani, wala hakuna duka linaloiuza. Mchezaji wa gofu hukutana na jambo hili karibu kila anapoingia uwanjani, na namna anavyoliamua humfichua kuliko anavyodhani.

Najua wengi wenu hapa Plateau hamjawahi kushika fimbo ya gofu, na baadhi yenu mnauona ni mchezo wa wenye nafasi. Sibishi. Lakini wapo vijana wa kanisa wanaopanda matatu alfajiri kwenda Eldoret kuwabebea wachezaji mikoba, wale wanaoitwa makedi, na ujira huo umeshanunua sare za shule katika nyumba zaidi ya moja. Wapo pia wazee wawili watatu wanaocheza Jumamosi na kuja ibadani Jumapili wakiwa bado wanabishana. Nimewasikiliza sana pale nje tukinywa chai, na nakiri kwamba mabishano yao yamenipa mafunzo kuliko baadhi ya vitabu vya mahubiri nilivyonavyo.

Kwa asiyejua: fimbo zenye kichwa cha chuma hupewa namba. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo uso wa fimbo unavyolala na mpini unavyofupika, hivyo mpira hupaa juu na kutua karibu. Kati ya namba moja na inayofuata pana tofauti ya nyuzi tatu au nne tu za mlalo, na kwa mchezaji wa kawaida hizo ni kama mita kumi za safari. Zamani watu walijaribu kuziba mapengo hayo kwa kuongeza fimbo. Katika miaka ya 1930, Mmarekani Lawson Little alibeba zaidi ya 20, na aliyeumia ni kedi wake. Mwaka 1938 chama cha gofu cha Marekani kikaweka kikomo cha fimbo 14, na mwaka uliofuata wakuu wa mchezo huko St Andrews, Uskoti, wakakubali. Tangu hapo kila mchezaji, tajiri kwa maskini, huingia uwanjani akiwa na mapengo mkobani.

Kijana mmoja wa kwaya yetu alinisimulia yaliyompata na mchezaji aliyembebea. Walifika mahali kama hapo nilipoanzia. Kijana akang'oa majani machache, akayaachilia hewani, yakamrudia kifuani: upepo unakuja usoni. Akatazama mchanga uliochimbwa mbele ya griini, ule uwanja mdogo wenye shimo na bendera. Akavuta namba sita nusu, mpini ukiwa umechomoza mkobani ili mzee auone bila kuambiwa.

"Mzee, hapa ni sita. Ushike chini kidogo, upige polepole."

"Sita ni ya wazee. Hii saba nitaikaza."

Akaikaza. Mpira ukapanda mrefu, ukasimama juu kama unaofikiri, upepo ukaushika, ukaanguka mchangani. Mzee akageuka akamtazama kijana, na kijana akatazama viatu vyake. Kedi mwenye akili hujua wakati wa kutazama viatu.

Makocha karibu wote wangesema alivyosema yule kijana. Ukiwa katikati, chukua fimbo ndefu, teremsha mikono kidogo kwenye mpini, upige kwa utulivu. Anayeikaza fimbo fupi hupoteza mizani, mwili hutangulia mikono, na uso wa fimbo hufika kwenye mpira ukiwa umepinda. Hata akiupata katikati, mpira hupaa mno na kuishiwa nguvu kabla ya kufika. Mtu yeyote aliyecheza miaka miwili anayajua haya. Mbona basi mkono bado unaifuata saba?

Nadhani ni kwa sababu kila mmoja wetu amejipima kwa siku yake bora. Muulize mchezaji namba saba yake hufika wapi, atakutajia umbali wa mpira mmoja alioupiga Januari moja, uwanja umekauka, upepo mgongoni, mteremko ukimsaidia. Ile mipira mingine iliyofika 130 haiko kwenye hesabu. Na hapa kwetu pana jambo la ziada. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali kuliko pwani kwa karibu asilimia kumi. Mtu wa kwetu akishuka Nyali, huko pwani, na hesabu zake za Eldoret, atakuwa anapungukiwa siku nzima huku akilaumu fimbo. Kipimo chake kilikuwa cha kweli, ila kilikuwa cha hewa nyingine.

Hata mwezini mwanadamu alifanya hivyo. Februari 1971 Alan Shepard, wa chombo Apollo 14, alifunga kichwa cha fimbo namba sita kwenye mpini wa kifaa cha kuchotea udongo, akapiga mipira miwili kwa mkono mmoja, maana suti haikumruhusu kutumia yote miwili. Kwa furaha akatangaza kwamba mpira umekwenda maili nyingi. Miaka 50 baadaye picha za safari ile zikachambuliwa upya kwa makini. Mpira wa kwanza ulikuwa umekwenda yadi 24, wa pili yadi 40. Simcheki. Ningekuwa mwezini, mimi ningesema umefika Uganda.

Nimewaona wakulima wetu wakifanya hesabu hiyo hiyo Machi, kabla ya mvua. Mwaka mmoja mvua ilinyesha kwa wakati, mbolea ikapatikana mapema, viwavi hawakuja, ekari moja ikatoa gunia 28 za kilo 90. Basi 28 inakuwa ndiyo namba ya mkulima. Anakodi ekari kumi zaidi na kuchukua mkopo kwa hesabu ya 28, ilhali mashamba yake, ukiyachukua kwa miaka mitano, hutoa 18. Akipata 18 atasema mwaka ulikuwa mbaya. Haukuwa mbaya, ulikuwa mwaka. (Nikiandika kutoka hapa, jirani na kambi za riadha za Kaptagat, ninatarajiwa nitoe mfano wa wanariadha. Leo nawapa mapumziko, wametumika sana kwenye mimbari.)

Sasa twende kwa Musa, maana kwake ndiko fikra hii ilikonipeleka.

Katika Kutoka 17, pale Refidimu, watu wana kiu na wanalalamika. Mungu anamwambia Musa aupige mwamba kwa fimbo. Anaupiga, maji yanatoka, watu wanakunywa. Hiyo ndiyo siku yake bora. Karibu miaka 40 baadaye, katika Hesabu 20, wako Kadeshi, kiu ile ile, malalamiko yale yale, ingawa kizazi ni kingine. Mungu anamwambia achukue fimbo, awakusanye watu, kisha auambie mwamba utoe maji. Auambie tu. Musa anainua mkono na kuupiga mwamba mara mbili.

Nimekuwa nikimhurumia Musa kila nikisoma sura hii, kwa sababu ya mstari wake wa kwanza ambao tunaupita haraka. Miriamu amefariki na amezikwa pale Kadeshi. Dada aliyesimama kando ya mto akilinda kikapu chake ndiye huyo amewekwa mchangani, na kabla kaka mtu hajapumua, umati umemzunguka ukidai maji. Anachoka, anakasirika, mkono unarudi kwenye kile kilichowahi kufanya kazi. Aliwahi kupiga, ikawa. Kuuambia mwamba kulihitaji awe na nguvu kubwa na asiitumie; kuupiga kulihitaji hasira tu, nayo alikuwa nayo ya kutosha siku ile.

Na maji yalitoka. Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Yalitoka mengi, watu wakanywa na mifugo yao. Ungekuwa pale na kikombe mkononi usingeona kosa lolote. Lakini Mungu akawaambia Musa na Haruni ndugu yake kwamba hawataliingiza kusanyiko katika nchi ya ahadi.

Mchezaji anayeikaza saba si kila mara huanguka mchangani. Mara moja moja hufika, hutua kando ya bendera, wenzake wakapiga makofi. Wazee wetu wa Jumamosi wanakubaliana kwamba mpira huo ndio unaoharibu mchezo wa mtu, maana kesho yake anauingiza kwenye hesabu. Ndiyo sasa namba saba yake. Atafungwa nao miaka.

Baba amemkaripia kijana wake wa kidato cha pili kwa sauti iliyofika kwa majirani. Kijana akanyamaza, na wiki hiyo akasoma kwa bidii. Maji yametoka. Basi baba amejifunza kwamba kelele hufaulu, na mwakani atahitaji kelele kubwa zaidi, na mwaka unaofuata kijana atakuwa amehamia kwa mjomba. Mhubiri alipiga mimbari kwa ngumi Jumapili moja, watu kumi wakaja mbele. Tangu hapo mimbari haijapumzika. Sisi wachungaji tujiangalie hapo, tena kwanza.

Nisieleweke kwamba fimbo ndefu ndiyo jibu la kila siku. Pana mashimo ambayo nyuma ya griini kuna maji au kichaka, na mbele pako wazi. Hapo kupungukiwa ni salama, na anayechukua sita kwa kuwa alisoma mahali kwamba sita ni unyenyekevu atautafuta mpira wake majanini. Ndiyo maana yule kedi alianza kwa kuachilia majani hewani, kisha akaangalia mchanga uko wapi, ndipo akagusa fimbo. Musa naye alikuwa na mtu wa namna hiyo, mkwewe Yethro, aliyemtazama anavyoamua kesi za watu peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha akamwambia wazi kwamba atajimaliza. Musa alimsikiliza. Kufika Kadeshi, Yethro alikuwa ameshaagana naye zamani na kurudi kwao.

Lakini kuna kosa jingine, ambalo makocha wanalilalamikia karibu sawa na la kwanza. Mtu anakubali ushauri, anachukua sita, anainua fimbo vizuri, halafu njiani kuuelekea mpira anaingiwa na wasiwasi kwamba itakuwa nyingi mno. Mkono unalegea. Fimbo inafika kwenye mpira ikiwa imepoa, na mpira unaanguka karibu kuliko hata ungekwenda kwa saba. Kupiga kwa utulivu kunataka mtu apige hadi mwisho. Aliyelegea katikati hajatulia, ameogopa.

Mfalme Yoashi wa Israeli alifanya hivyo. Ni katika 2 Wafalme 13. Elisha yuko kitandani, ugonjwa ule hautampa nafasi ya kuinuka. Mfalme anakuja kumlilia. Nabii mgonjwa anamwambia achukue upinde, anaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme, dirisha la mashariki linafunguliwa, mshale unatoka, na Elisha anautaja kuwa mshale wa ushindi juu ya Washami. Mtu hawezi kupewa fimbo ndefu kuliko hiyo. Kisha anamwambia achukue mishale iliyobaki aipige chini. Yoashi anapiga mara tatu, anaacha.

Biblia haisemi kwa nini aliacha. Pengine aliona ni sherehe tu na ameshaitimiza. Pengine aliona haya, mfalme mzima anagonga sakafu mbele ya watumishi. Mimi huwa naona mkono uliolegea: ameshika ahadi yote mkononi, lakini anaogopa kuonekana ameiamini kupita kiasi. Wapo wengi kama yeye kwenye mikutano yetu ya maombi, watu wa adabu, wanaomwomba Mungu kwa kipimo cha kile ambacho wangeweza kukipata wenyewe wakijibana. Elisha alikasirika. Mtu anayekufa, na bado alipata nguvu za kukasirika. Akamwambia angepiga mara tano au sita, angewapiga Washami hata kuwamaliza.

Kwa wiki hii tusome Hesabu 20, mistari 13 ya kwanza, pamoja na 2 Wafalme 13 kuanzia mstari wa 14, na vikundi vya nyumbani vizisome kwa usiku mmoja, moja baada ya nyingine, kabla mtu yeyote hajaanza kutoa maoni. Msiishie Elisha anapozikwa. Endeleeni hadi mstari wa mwisho wa sura, ambapo mwandishi anahesabu: Yoashi alimpiga Ben-hadadi, mfalme wa Washami, mara tatu.