Imetumwa, au Imejiendea?

Mvua za Novemba zikishashika hapa Sumbawanga, meza yangu ya chumba cha uani hujaa mizigo ya watu: ving'amuzi, luninga, chaja, redio, pawa saplai za kompyuta, na safari nyingine kompyuta nzima ya mezani imefungwa kwenye kanga isilowe njiani. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi wa dukani. Vifaa hivi navifungua kwa kupenda, tangu utotoni nilipokuwa nikichungulia ndani ya redio ya National ya baba yangu kila betri zilipokwisha. Kompyuta yangu ya kwanza niliiunganisha kwa viungo vya nyingine zilizokuwa zimetupwa na ofisi. Silipwi kwa kazi hii, na nadhani ndiyo sababu watu huniambia yale ambayo fundi wa sokoni haambiwi. Mtu akishatua mzigo wake, mara nyingi haulizi kwanza kama kifaa kitapona. Huuliza: "Mwalimu, hii imetumwa, au imejiendea?"

Anazungumzia radi.

Sifa ya mji wetu inajulikana. Ukijitambulisha Dar es Salaam kuwa umetoka Sumbawanga, mtu atakutajia ungo na radi kabla hajakumbuka mahindi na maharage yanayoshuka kwetu kwa malori. Utani huo nimeuzoea na siukasirikii. Lakini mtu aliyesimama mbele yangu na luninga iliyoungua hatanii, na swali lake nimeamua kulichukua kwa uzito uleule anaouliza nao.

Kuna mama mmoja mjane aliyetoka kijiji cha upande wa Laela na luninga na king'amuzi chake, vitu alivyovinunua kwa fedha ya maharage. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, baba," akakaa kwenye kigoda pembeni ya meza. Hakutaka kuondoka kabla hajaona ndani. Nikafungua skrubu za mgongo wa luninga. Harufu ilitangulia, ile harufu kali ya bodi iliyoungua inayokaa kwenye nguo hadi jioni. Fyuzi ya kioo ilikuwa nyeusi tii. Fyuzi iliyokatika kwa kuzidiwa kidogo huacha waya wake umeachana katikati, kioo kikiwa safi. Hii waya wake wote uligeuka mvuke ukaganda kwenye kioo. Pembeni yake varista, kile kidude cha bluu cha mviringo kinachowekwa pale ili kife kwa niaba ya wenzake, ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Nikahamia kwenye king'amuzi. Tundu la waya wa dishi lilikuwa na doa jeusi, na kuanzia hapo utepe mwembamba wa shaba ulikuwa umebanduka kwenye bodi mpaka mahali palipokuwa na tyuna. Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi: iliingia hapa, ikapita hapa, ikatokea huku ikitafuta ardhi. Alitazama kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi. Kisha akasema, "Nimeona ilipopita, baba. Sasa niambie nani aliyeifungulia mlango."

Jibu la njia ninalo. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na pande mbili za uwanda wa Ufipa ardhi inaporomoka: mashariki kwenye bonde la Ziwa Rukwa, magharibi kwenye Ziwa Tanganyika, yote mawili yakiwa chini yetu kwa karibu mita 1,000. Mchana hewa ya joto yenye unyevu hupanda kingo hizo, na ikifika juu hupoa na kujenga mawingu marefu. Ndani ya wingu, chembe za barafu na za mvua ya mawe hugongana na kugawana chaji, mpaka hewa inashindwa kuzuia. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000. Nyaya za nyumba zetu zimepangwa kwa ampea chache tu. Na huku juu ni nchi ya majani, miti ni haba. Katika uwanda wa namna hiyo, kilichosimama kuliko vyote ni paa la bati na mlingoti wa antena. Wala si lazima ikupige wewe. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umeletwa kutoka Zambia kupitia Mbala, kwa nyaya zinazokatiza maeneo ya wazi. Na hata hapa mjini, radi ikipiga nguzo ya mtaa wa pili, wimbi lake hufuata waya na kuingia sebuleni kwa mtu ambaye bati lake halikutikisika.

Wala hatuko peke yetu. Mwaka 2016 wanasayansi waliokuwa wakihesabu mimweko ya radi kwa setilaiti walitoa orodha yao. Sehemu iliyoongoza duniani ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, kama mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Iliyoongoza Afrika ni Kabare, Kivu Kusini, kama 205. Kote kuwili ni maji na milima vimekaa karibu karibu. Radi hufuata umbo la nchi.

Kwa hiyo najua kwa nini hupiga Ufipa. Ninachoshindwa kumwambia yule mama ni kwa nini ilipiga kwake, jioni ile, wakati jirani yake mwenye dishi la namna ileile alikuwa amechomoa waya muda mfupi kabla, kwa sababu tu alitaka nafasi ya kuchaji simu.

Mwingereza Edward Evans-Pritchard, aliyekaa kwa Wazande wa kule ambako leo ni Sudan Kusini, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1937. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo, na walijua kwamba watu wale walikaa pale wakikwepa jua. Walichouliza ni kwa nini mambo hayo mawili yalikutana saa ileile. Hapo ndipo walipoweka uchawi. Nilipousoma mfano huo nilimwona yule mama. Watu wanaodhani kwamba anayeuliza "nani" hajui habari ya umeme wanamdharau bure. Alikuwa ameielewa bodi yangu. Swali lake linaanzia pale ambapo malitimita yangu inaishia.

Na wazee wetu wa Ufipa waliishi na maswali yote mawili kwenye kazi moja. Ukitembea Nkasi na vijiji vya Sumbawanga bado utakutana na mabaki ya malungu, matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachimba na kuyaandika. Ilungu lilikuwa refu kupita mtu, mengine yakifika kama mita tatu, na halikuvuviwa: upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, na moto ukauvuta kwenda juu. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa kwa mivukuto kwenye tanuru dogo, kintengwe. Huo ni ujuzi wa hewa na joto ambao mimi naufundisha ubaoni kwa chaki. Lakini chini ya ilungu zilizikwa dawa, na wayeyushaji walijitenga na wake zao siku za kazi. Nimekaa mara nyingi mbele ya mabaki yale nikiwaza. Dawa haikuwekwa badala ya mkaa. Mkaa uliwekwa wa kutosha, na udongo wenye chuma ukachaguliwa kwa jicho la mtu anayejua. Tena mwiko ulimfunga kwanza mwenye kazi. Kabla ya kumtazama mwingine, myeyushaji alitakiwa kujitazama mwenyewe.

Ulaya nako walipitia humo humo. Kwa karne nyingi wingu likitanda walipanda kwenye minara ya makanisa kupiga kengele ili kufukuza radi, na kwa kuwa mnara ndio uliokuwa mrefu kuliko vyote, wapiga kengele wakafa. Benjamin Franklin alipopendekeza fimbo ya chuma katikati ya karne ya 18, wapo waliosema ni kuingilia kazi ya Mungu. Leo fimbo hiyo iko juu ya makanisa yenyewe, na hakuna anayeona kwamba imani imepungua kwa sababu yake.

Sasa niseme ninachoamini. Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa Kanisa lililoanzia kwetu huku kwenye kituo cha Karema, ambako Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885. Katika kitabu cha Ayubu, moto unashuka kutoka mbinguni na kuteketeza kondoo pamoja na wachungaji. Kisha wanakuja rafiki zake, watu wazima wenye maneno mazuri, na kazi yao yote ni kumtafuta mwenye kosa. Wanampata: ni Ayubu mwenyewe. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale marafiki, si Ayubu aliyelia na kuuliza. Na katika Injili ya Luka, Yesu anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anakataa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu, na hamtaji mtu yeyote kuwa ndiye aliyeuangusha. Majirani zangu Waislamu nao wananikumbusha kwamba sura ya 13 ya Qurani inaitwa Ngurumo, na kwamba humo ngurumo yenyewe inamtukuza Mungu.

Naona basi kwamba dini haijalifuta swali la nani. Imeliacha wazi, limwelekee Mungu, kwa kilio au kwa sala. Ilichokataza ni kulijaza kwa jina la mtu wa kijijini. Amri ya nane tunayofundishwa kwenye katekisimu inakataza kumshuhudia jirani uongo, na mimi nasema kumtaja jirani kuwa ametuma radi ni kumshuhudia uongo hata kama msemaji anaamini kwa moyo wake wote, kwa maana hajaona kitu. Doa jeusi kwenye tundu la dishi linaonyesha njia. Halionyeshi mtumaji, wala haliwezi kuthibitisha kwamba hayupo. Mwenye kujaza nafasi hiyo kwa jina la binadamu anajaza kwa hofu yake au kwa ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba.

Na jina likishatajwa halirudi. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu ya mtu aliyepika kwa moshi maisha yake yote. Nikikumbuka hayo, siwezi kuiona luninga iliyoungua kuwa jambo dogo la kifaa.

Yule mama alikuwa mjane, anaishi peke yake na wajukuu. Nilipozungumza naye zaidi niligundua kwamba hasara ya luninga aliweza kuibeba. Kilichomnyima usingizi ni kufikiri kwamba kuna mtu kijijini anayemchukia kiasi hicho, naye mama anamsalimia kila asubuhi bila kumjua. Nikamwambia: mama, mlango ulikuwa wazi, waya wa dishi lako hauna ethi, na kebo imepita juu ya bati. Nimekuonyesha njia kwa sababu nimeiona. Mtu sijamwona, na wewe hujamwona, basi tusimtaje. Akanyamaza kidogo, akauliza chuma cha ethi kinauzwa bei gani.

Nilimweleza, na wewe msomaji wa nyanda za juu nakueleza vilevile. Tafuta fimbo ya ethi ya shaba au iliyopakwa shaba, ipigiliwe ardhini penye unyevu karibu na nyumba. Pakiwa pakavu, fundi achimbe shimo na kuzungushia mkaa na chumvi. Kebo ya dishi na mlingoti wake viunganishwe hapo kabla kebo haijaingia ndani. Wingu likitanda, chomoa waya wa umeme na wa dishi pia, maana wengi huchomoa mmoja wakaunguliwa kwa kupitia wa pili. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi. Usishike kifaa wala waya, na usisubiri mvua ianze ndipo uchomoe.

Neno langu la mwisho ni kwa mafundi wenzangu wa simu, redio na kompyuta, wa Kizwite, wa Matai, wa Namanyere na kwingineko. Mteja wetu huamini sana kinywa cha mtu aliyefungua kifaa chake. Basi akikuuliza nani, usimjibu kwa utani kwamba hii imetumwa, hata kama nyote mnacheka. Mwonyeshe fyuzi, mwonyeshe njia, mfungie ethi. Kuna bibi kizee nyumba ya tatu kutoka kwake ambaye uhai wake unaweza kutegemea maneno yako.