Ushahidi wa Mgeni



Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, askari wawili walikuwa zamu ya ulinzi katika msitu wa Argonne, Ufaransa. Henry Johnson na Needham Roberts walikuwa Wamarekani weusi wa Kikosi cha 369, ambacho jeshi lao lilikikabidhi kwa Wafaransa. Wajerumani walivamia, na Roberts akajeruhiwa vibaya. Johnson, ambaye kabla ya vita alikuwa mpagazi wa stesheni ya reli mjini Albany, alipigana kwa mabomu ya mkono, kitako cha bunduki, na mwishowe kisu. Hakukubali mwenzake achukuliwe mateka. Alipata majeraha 21.

Ufaransa iliwapa wote wawili nishani ya Croix de Guerre. Nchi ya Johnson haikumpa nishani yoyote ya ushujaa akiwa hai. Alifariki mwaka 1929. Nishani ya juu kabisa ya Marekani ilitolewa kwa jina lake mwaka 2015.

Nauliza: heshima inayotoka kwa mgeni, huku watu wako wamenyamaza, ina uzito gani?

Nionavyo mimi, nishani ni ushahidi. Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu anatuamuru tusimamie uadilifu tunapotoa ushahidi, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Basi ushahidi haupimwi kwa undugu bali kwa ukweli. Aliye karibu akificha anachokijua, amedhulumu, na wa mbali akisema kweli, ametekeleza haki.

Nilipolisema hili kwenye darasa letu baada ya Maghrib, ndugu mmoja alinipinga. Alisema Ufaransa hiyohiyo ilikuwa ikizitawala Algeria na Senegal kwa mabavu. Ni kweli. Agosti 1918, ofisa wa Kifaransa aliyekuwa kiungo na makao makuu ya Wamarekani aliandika waraka wa siri, akiwashauri wenzake wasiwasifu mno askari weusi wa Marekani mbele ya Wamarekani weupe. Na tarehe 1 Desemba 1944, huko Thiaroye karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari Waafrika walioipigania, kwa sababu walidai malipo yao.

Nakubali hoja yake, lakini haivunji yangu. Ushahidi wa kweli haumtakasi shahidi, na dhambi za shahidi haziigeuzi kweli kuwa uongo. Johnson alikuwa shujaa kabla ya Mfaransa yeyote kusema hivyo.

Limebaki jambo la nia. Tunaijua hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya mtu aliyepigana ili aitwe shujaa: akaitwa, na hilo ndilo likawa fungu lake lote. Wengine huitumia hadithi hii kukataa kumsifu yeyote. Mimi naona inamuonya mtendaji asitafute sifa. Haimpi mtazamaji ruhusa ya kunyamaza.

Nayasema haya nikijihukumu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa katika kamati ya vyeti vya mwisho wa mwaka. Dada mmoja, mkimbizi kutoka Congo, alitupikia futari Ramadhani nzima. Jina lake halikuwamo katika orodha, na orodha niliiandika mimi. Wageni wa chuo kingine, waliofuturu nasi siku mbili tu, ndio waliomwandikia barua ya shukrani. Walikiona kwa siku mbili kile nilichokiona mwezi mzima nikanyamaza.

Nilimwendea kuomba radhi. Aliniambia hakupika kwa ajili ya cheti. Nilimjibu kwamba nalijua hilo, na kwamba ujira wake uko kwa Allah. Lakini ushahidi ulikuwa deni langu, na wageni walinitangulia kulilipa.

Ndugu yangu, kabla orodha ya mwaka huu haijafungwa, jiulize ni nani unayemjua na hujamtaja.

Wabillahi tawfiq.